Kabari za Daraja la Ukaribu

Nchi ya Karirini haimo katika ramani yoyote, na wenyeji wake hawakupata kulilalamikia jambo hilo, kwa kuwa kazi ya kulalamika walikuwa wameshawakabidhi ndege. Karibu kila nyumba ya nchi ile, ya tajiri na ya fukara, ilikuwa na kasuku mmoja juu ya paa lake, na kila kasuku alikuwa na maarifa ya kushika maneno saba, si sita wala manane, na kumpokeza kasuku wa jirani kwa sauti ile ile na kwa ghadhabu ile ile aliyoyapokea nayo. Neno lililofundishwa alfajiri katika lango la mashariki lilifika lango la magharibi kabla jua halijasimama utosini. Mtu aliyelala mpaka saa tatu aliamka akakuta nchi nzima imekwisha kukasirika, naye akakasirika kwa pupa asije akaonekana amechelewa.

Ni wajibu kusema kwamba ndege hao hawakuletwa kwa shari. Waliletwa kutoka Msitu wa Nakala ili watangaze uzazi, misiba na mbuzi waliopotea, na watu wazima wa Karirini walikumbuka kwa tabasamu asubuhi za mwanzo, ambapo paa zote zilipokezana habari kwamba mke wa seremala amejifungua pacha. Hata lawama zilipoingia katika midomo ya ndege, zilifanya mema. Bi Saburi, mjane aliyenyang'anywa shamba na mpwa wa Sultani, alirudishiwa shamba lake baada ya kasuku kumlilia siku tisa mfululizo, na hapana mwadilifu awezaye kuyabeza hayo. Lakini baada ya shamba lile watu walionja utamu wa kushinda bila kutoka barazani, na tangu hapo haikupita wiki ila wito mpya ulipanda juu ya paa, ukiwa na jina la mtu ndani yake na kitu cha kuvaliwa na wanaouunga mkono: mara unyoya, mara kitambaa chekundu, mara jani la mkwaju nyuma ya sikio.

Aliyeikumbuka Karirini ya zamani kwa uchungu kuliko wote alikuwa Tadbiri binti Hadhari, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye mwandiko mzuri usiokuwa na mshindani. Baba yake, marehemu Hadhari, alikuwa mshenga wa lawama, kazi ambayo vijana wa siku hizi huicheka wakidhani ni mzaha. Katika zama zile mtu aliyedhulumiwa alikwenda kwa mshenga, na mshenga akafuatana naye mpaka mlangoni kwa mdhulumu, wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaketi. Ada ilitaka waende siku tatu. Siku ya kwanza ilikuwa ya kusema, siku ya pili ya kusikiliza, na siku ya tatu ya kunyamaza pamoja mbele ya kahawa, nayo ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote. Tadbiri aliwaona kwa macho yake wanaume walioingia wamekunja ngumi wakitoka wanaulizana habari za kuku. Hakuwa akijua, alipokuwa mtoto, kwamba jambo lile linaweza kwisha. Alilidhania ni la kudumu kama milima.

Lilikwisha. Kwani nani alikuwa na siku tatu za kupoteza, ilhali kasuku alimaliza shauri kwa nusu siku? Mzee Hadhari alikufa hana kazi, na binti yake, kwa kuwa alirithi ufasaha wake, aliajiriwa katika Nyumba ya Radhi.

Nyumba hiyo ilijengwa na Waziri Haiba bin Mapambo, mtu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na dhamiri ambayo haikupata kuguswa. Waziri aliona kwamba serikali haiwezi kuzuia wito usipande, ila inaweza kujiweka tayari. Kwa hiyo aliamuru kitungwe Kitabu cha Tahadhari, ambamo misiba tisini na mmoja iliandikiwa radhi zake mapema: moto wa sokoni, ndui ya ng'ombe, mwana wa Sultani kumtukana mzee, na kadhalika. Kila msiba ulikuwa na radhi za daraja nne. Ya kwanza ilisikitika bila kutaja nani amefanya nini. Ya pili iliongeza machozi. Ya tatu iliahidi kuunda jopo. Ya nne, ambayo haikutumika ila ghadhabu ilipokataa kushuka, ilimtoa mtu mmoja akabidhiwe umma, na jina la mtu huyo lilichaguliwa katika siku za utulivu, ili siku ya fadhaa pasiwe na mabishano.

Tadbiri ndiye aliyeandika radhi hizo zote. Akiulizwa alisema ni kazi kama kazi nyingine, na mkono wake ulikuwa umeshazoea. Desturi ya Nyumba ilitaka kila radhi ijaribiwe upya kila mwaka kwa kasuku wa ofisi, aitwaye Mtii, ili ijulikane kama inaingia katika maneno saba na kama inatia huzuni ya kutosha. Jaribio lilifanywa ndani ya Chumba cha Pamba, kisichokuwa na dirisha, ambacho kuta zake zilisindiliwa pamba ili neno lisivuje nje. Chumba kile kilikuwa na joto la tanuri. Siku moja ya kiangazi, walipofika katika msiba wa arubaini na mbili, Tadbiri alishindwa kuvumilia akamchukua Mtii barazani, akaketi mahali panapopata upepo.

Kutoka baraza ile lilionekana Daraja la Ukaribu, lililounganisha mji wa Simulizi, walikokaa wasemaji, na bonde la Tendeni, walikokaa wakulima na matabibu. Tadbiri alilitazama, akakumbuka namna alivyolivuka mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa baba yake, wakienda kupatanisha watu ambao majina yao ameyasahau. Moyo ukamjaa. Katika hali hiyo akamtamkia ndege maneno ya radhi, mara tatu kama ilivyo ada: "Twahuzunika kwa wahanga wa Daraja la Ukaribu." Hakupata kutamka radhi yoyote kwa huzuni ya kweli kama ile. Mtii aliishika tangu mara ya kwanza, akaitoa kwa sauti ya kukata maini, na kasuku wa paa la zizi la farasi, aliyekuwa akichokora manyoya yake, akainua kichwa.

Kufika adhuhuri Simulizi yote ilikuwa ikilia. Wanawake walijifunga kanga viunoni wakaulizana majina ya waliokufa, na kwa kuwa hapana aliyeyajua, kila mmoja alimhofia aliye mbali naye. Wakulima wa Tendeni waliokuja sokoni na mihogo yao walisikia daraja limeanguka, wakashangaa, wakasema wao wamelivuka asubuhi ile ile na miguu yao bado ina vumbi lake. Watu wakawatazama kwa huruma iliyochanganyika na dharau, wakawaambia wametumwa.

Waziri Haiba alimwita Tadbiri chumbani kwake.

"Binti Hadhari," alisema, akizipitisha ndevu zake baina ya vidole, "radhi yako imetangulia msiba wake."

"Naam, Mheshimiwa Waziri. Taksiri ni yangu peke yangu. Nipe idhini nipande mnarani niwaeleze watu kuwa lilikuwa jaribio."

"Ukiwaeleza hivyo watauliza kwa nini tuliandika huzuni ya jambo ambalo halijatokea. Wakijibiwa, watauliza huzuni zetu zilizopita tuliziandika lini. Sitaki kuulizwa swali la pili. Fungua Kitabu, msiba wa arubaini na mbili. Radhi ya nne inasemaje?"

"Mheshimiwa, daraja limesimama. Ukitoka barazani utaliona."

"Sina haja ya kuliona. Umma umekasirika tangu asubuhi, na mtu aliyekasirika tangu asubuhi hukubali kila kitu jioni isipokuwa kuambiwa alikosea. Soma."

Tadbiri hakuwa na haja ya kusoma, kwa kuwa aliandika mwenyewe, miaka mitatu nyuma. Pale palipotakiwa jina la mtu wa kutolewa aliandika: Thabiti bin Makini, mjenzi. Alisita siku ile kalamu ikiwa mkononi, kwa sababu Fundi Thabiti alikuwa rafiki kipenzi wa baba yake na ndiye aliyemfundisha yeye kuogelea. Lakini Waziri alitaka mtu mzee, asiye na mke wala mtoto wala kasuku wa kumtetea, na Tadbiri alijifariji kwamba daraja lile haliwezi kuanguka kamwe, hivyo jina lile halitaitwa. Alijifariji, akaweka nukta, akaenda kula chakula cha mchana.

Jioni ile kasuku walibadilisha neno. "Thabiti ameua watu, jina lake lifutwe leo." Kufutwa kulikuwa adhabu kubwa ya Karirini. Aliyefutwa hakutajwa, hakuamkiwa, hakuuziwa mkate. Nyumba yake ilipewa wengine, na yeye alipelekwa Usahaulifuni, nchi ya chumvi isiyokuwa na ndege, akaishi huko mpaka mwisho wa umri wake. Kesi yake ilipangwa siku ya saba, na hukumu ilijulikana tangu siku ya kwanza.

Wito ule uliongozwa na kijana Hamasa bin Shauku, mwalimu wa kasuku. Wala asidhaniwe alikuwa mwovu. Hamasa alikuwa na moyo mweupe na sauti nzuri, alilia kweli kwa ajili ya wahanga asiowajua, na kosa lake lilikuwa kwamba hakupata kumkasirikia mtu aliyekuwa mbele yake. Siku ya pili aliwaongoza watu elfu kwenda kuomboleza darajani. Walifika, wakalikuta limesimama, maji yakipita chini yake kwa amani. Wakatazamana. Kwa muda mfupi, kama angetokea mtu mmoja wa kucheka, yote yangekwisha pale pale; lakini hapana aliyecheka. Mmoja akasema hapana shaka sehemu iliyoanguka ni ile ya upande wa pili, isiyoonekana. Mwingine akasema serikali imelisimamisha upesi ili kuficha ushahidi. Wakalia juu ya daraja kwa kuanguka kwa daraja, na kila mmoja, kwa kuwa wito lazima uwe na kitu cha kuvaliwa, akachomoa kijiwe kimoja kidogo, akakitia uzi, akakivaa shingoni kuwa ni mabaki. Kesho yake walikuja elfu mbili. Nani alitaka kuonekana hana jiwe?

Siku ya nne Tadbiri alishindwa na nafsi yake. Alijitanda ushungi, akaenda mpaka pembezoni mwa mji, kwenye nyumba ya mawe isiyokuwa na ndege, akasimama mlangoni. Ulimi wake ulikuwa mzito, maana neno lile hakulisema kwa miaka mingi.

"Hodi."

"Nani?"

"Tadbiri, mtoto wa Hadhari."

"Mtoto wa Hadhari anapiga hodi hapa tangu lini? Ingia."

Fundi Thabiti alikuwa ameketi juu ya kigoda, mwili umekauka, mikono bado mipana. Alikuwa na miaka themanini na mmoja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Sina mkate wa kukukirimu. Mwenye mkate amenifungia mlango na hakuniambia sababu. Siku nne sijapigiwa hodi na mtu. Nasikia ndege wanataja jina langu huko mjini, lakini mbali, sijui wanataka nini kwangu."

Basi Tadbiri alimweleza. Alieleza Kitabu, na Chumba cha Pamba, na baraza, na jina aliloliandika miaka mitatu nyuma. Hakujitetea. Alipomaliza alikuwa akilia, na mzee alikuwa akitazama mikono yake.

"Uliiandika vizuri, hiyo radhi?" aliuliza mwishowe.

"Vizuri sana, baba."

"Baba yako angeusifu mwandiko. Mengine yangemuua mara ya pili." Akainua macho. "Nina hasira, Tadbiri, usidhani sina. Ninakutazama na nina hasira. Lakini umekuja na miguu yako, na hapana mwingine aliyekuja. Kanywe maji ndani, kisha uniambie kuhusu hayo maombolezo. Wanafanya nini darajani kwangu?"

"Wanalia, baba. Na wanachukua vijiwe wavae."

"Vijiwe gani?"

Tadbiri akaonyesha kwa vidole kadiri ya ndizi mbivu ndogo. Fundi Thabiti, ambaye habari ya kufutwa kwake hakuishtukia, aliinuka juu ya kigoda akashika ukuta.

"Hizo ni kabari!" alisema. "Daraja lile sikulitia chokaa hata kibaba kimoja. Mawe makubwa yamelaliana, na yasiteleze nilipigilia kabari baina yake, elfu tano na zaidi, kila moja kwa nyundo yangu. Ukiondoa jiwe kubwa moja, daraja litakuvumilia. Kabari zikitoka hamna daraja. Mwanangu, Usahaulifuni nitakwenda, na jina langu wakilitaka walichukue. Lakini watu wa Tendeni watavuka kesho na mizigo yao. Nenda ukawaambie warudishe kabari."

Tadbiri alikwenda mbio, naye hakuwa mtu wa kukimbia. Alifika kwa Hamasa akapiga hodi, na kijana, ambaye hakuizoea sauti ile, alifungua kwa mshangao. Shingoni alikuwa na vijiwe vitatu, kwa cheo chake. Tadbiri akamwambia yote, na mwisho akasema, "Ni mimi niliyeandika. Hakufa mtu."

Hamasa alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Bibi mheshimiwa," alisema, "wewe ni mwandishi wa Nyumba ya Radhi. Unakiri kwamba uliandika huzuni isiyokuwa ya kweli, na ikatutoa machozi sote. Basi nitajuaje kama majuto haya uliyonayo si radhi nyingine ya kitabu hicho hicho?"

Tadbiri alitoka akawaonya wakulima wa Tendeni sokoni, nao wakaanza kuvuka mto kwa mitumbwi. Alirudi nyumbani akajua kwamba hapana aliyemharibia jina lake isipokuwa mkono wake mwenyewe. Siku ya sita Waziri alimwita tena, akampa kazi, naye akaifanya, kisha akakificha Kitabu chini ya ushungi wake akaondoka nacho.

Siku ya saba uwanja ulijaa. Fundi Thabiti alisimamishwa katikati, na mbele yake aliketi Kadhi Insafu, mtu mpole, mwenye macho mabovu, ambaye alisifika kwa kutokuwa na kasuku kwa sababu kelele zilimwumiza kichwa. Mashahidi arubaini walipita, na mmoja baada ya mwingine wakaapa.

"Uliliona daraja likianguka?" Kadhi alimwuliza kila mmoja.

"Nilisikia, Mheshimiwa Kadhi."

"Uliona maiti?"

"Nilisikia."

"Umefiwa?"

"Mimi la, lakini walifiwa wengi."

Alipokwisha shahidi wa arubaini, Tadbiri alipita mbele ya watu, akauvua muhuri wa ofisi kidoleni akauweka chini. Akasema aliyoyasema kwa Hamasa, na watu wakampigia kelele kwamba ametumwa. Hakubishana nao. Alikifungua Kitabu cha Tahadhari na kumkabidhi Kadhi kikiwa wazi katika ukurasa wa mwisho.

"Siwaombi mniamini," alisema. "Sistahili. Naomba Kadhi asome radhi ya msiba wa tisini na mbili, ambayo niliamriwa niiandike jana, itolewe baada ya miaka kumi kuanzia leo."

Kadhi aliusogeza ukurasa karibu na macho yake, akasoma kwa sauti, polepole: "Twamkumbuka Thabiti, fundi hodari, aliyedhulumiwa na wakati."

Mtu aliyekuwa akisubiri kuhukumiwa alikuwa ameshaombewa radhi ya hukumu, kwa wino ambao haujakauka vizuri. Waziri Haiba alianza kueleza kwamba busara ya utawala ni kuona mbali, ila sauti yake ilikuwa nyembamba, na watu walioketi karibu naye wakasogea kidogo.

Kadhi alifunga Kitabu. "Mimi sioni vizuri," alisema, "lakini miguu yangu mizima. Daraja liko umbali wa nusu saa. Twendeni tukaliulize lenyewe."

Wakaenda wote. Walipofika Fundi Thabiti alitangulia, akapiga magoti kwenye nguzo ya kwanza, akatia vidole katika matundu yaliyoachwa wazi, moja baada ya jingine, akawa anatikisa kichwa. Aliposimama alikuwa amesawijika uso.

"Asikanyage mtu," alisema. "Mheshimiwa Kadhi, wazuie. Halibebi hata paka."

Lakini Hamasa alikuwa ameumia moyoni. Siku saba alikuwa amelia, na sasa aliona kilio chake kinakaribia kugeuzwa mzaha. "Kama limejengwa vyema litanibeba," alisema, "na kama halinibebi basi mjenzi ana hatia." Akapiga hatua mbili juu ya daraja, vijiwe vitatu vikigongana kifuani pake. Hatua ya tatu haikutimia. Mzee alimrukia kwa mwendo ambao hapana aliyemdhania anao, akamkamata kanzu, akamvuta, wakaanguka wote wawili nyuma kwenye majani. Na mbele yao daraja lililowapitisha watu kwa miaka arubaini na sita liliinama katikati, likatulia, kisha likaingia mtoni jiwe kwa jiwe, bila haraka.

Vumbi liliposhuka, watu walitazama mto. Baadaye walitazamana vifua. Hapana aliyeamrisha, lakini mikono ilianza kwenda shingoni, na wengi walilia, na safari hii walijua wanamlilia nani.

Kadhi alitoa hukumu yake palepale. Fundi Thabiti hana hatia. Nyumba ya Radhi ifungwe, na Waziri Haiba, kwa kuwa alipenda kuona mbali, apewe kazi ya kuchunga mbuzi wa umma katika vilima, ambako kuna nafasi ya kuona. Tangu siku ile mtu asimfundishe kasuku neno lenye jina la mwenzake kabla hajafika mlangoni kwa mwenye jina. Ilipofika zamu ya Tadbiri, Kadhi alimtaka aseme mwenyewe anastahili nini.

"Kasuku huishi miaka mingi, Mheshimiwa," alisema Tadbiri, "na hawajui kusahau. Kila asubuhi watasema Thabiti ameua. Naomba nikae jirani yake, na kila wakisema niwajibu."

Ikawa hivyo. Wale wanaodhani kweli ikishatoka hadharani uwongo hufa wangekwenda Karirini wakajionea. Kila kulipokucha ndege mmoja alianza, wenzake wakapokea, "Thabiti ameua watu," na mwanamke mwembamba alitoka uani mwake akasema kwa sauti, "Si kweli. Mimi ndiye niliyeandika," kisha akaendelea kufagia. Mwaka wa kwanza watu walikuja kumtazama. Mwaka wa pili walimzoea. Kabari zilirudishwa, nyingi lakini si zote, kwa kuwa wengine waliona haya kukiri kwamba walikuwa nazo, na Fundi Thabiti aliketi kitini ukingoni akiwaelekeza vijana namna ya kuzipigilia. Hamasa alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mkono mzito wa nyundo, na mzee hakuacha kumtania, akimwambia ana kipaji cha kufundisha ndege na angebaki nacho. Wakati mwingine, kazi ilipokwisha, walinyamaza pamoja mlangoni kwa mzee wakinywa kahawa, na Tadbiri akiwaona kutoka uani kwake aliweka ufagio chini, maana hivyo hasa ndivyo dunia ilivyokuwa baba yake alipokuwa hai.

Daraja lilikamilika mwaka wa nne, na mwaka huo huo Fundi Thabiti alifariki. Aliusia azikwe Tendeni, na jeneza lake lilipita juu ya daraja jipya likifuatwa na watu wengi kuliko waliowahi kuifuata maiti yoyote ya Karirini. Walipokuwa katikati, kasuku mmoja wa paa la mwisho la Simulizi alinyoosha shingo akalia kwa sauti ile ile ya siku ile, isiyopungua hata chembe: "Thabiti ameua watu, jina lake lifutwe leo!"

Watu wakasimama. Wote waligeuka kumtazama Tadbiri, wakingoja jibu waliloshazoea kulisikia. Tadbiri aliinua uso, akajaribu, na sauti haikutoka. Kilio kilikuwa kimeimeza. Ndege akarudia. Akarudia tena.

Hamasa alikuwa chini ya jeneza, upande wa kulia, mbele. Akamgeukia yule ndege, jeneza likiwa begani, na akasema kwa sauti iliyosikika ng'ambo zote mbili:

"Hakuua mtu. Daraja tulilibomoa sisi."